Sheria ya ndege wahamiaji inadhoofishwa Marekani bila kufutwa, na sisi inatuhusu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nieleze jambo ambalo vyombo vyetu vya habari vimeligusa kwa nadra sana, nalo ni jinsi serikali ya Marekani inavyoidhoofisha Sheria ya Mkataba wa Ndege Wahamiaji ya mwaka 1918, ambayo ni miongoni mwa sheria kongwe za kulinda wanyamapori zinazotumika hadi leo. Natambua kwamba msomaji wa Arusha, Nakuru au Mbarara atauliza papo hapo ndege wa Marekani wanamhusu nini. Baadhi yao ni wageni wake wa kila mwaka, na nitalieleza hilo baadaye. Lakini hata kama asingekuwapo ndege mmoja anayetoka huko kuja kwetu, namna sheria hiyo ilivyodhoofishwa ingestahili kuangaliwa kwa makini na kila nchi iliyotunga sheria ya aina hiyo.

Sheria yenyewe haijafutwa wala kurekebishwa na Bunge. Maneno yake yapo vilevile: ni kosa kumwinda, kumkamata au kumuua ndege yeyote aliyeorodheshwa, wakati wowote, kwa njia yoyote au kwa namna yoyote, pasipo kibali. Orodha hiyo leo ina zaidi ya spishi 1,000, na adhabu ya kosa la kawaida ni faini isiyozidi dola 15,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kilichobadilishwa ni tafsiri. Tarehe 22 Desemba 2017 Daniel Jorjani, aliyekuwa mwanasheria wa ngazi ya juu katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani (wizara ambayo huko haishughuliki na polisi kama ya kwetu, bali ardhi ya umma, maliasili na wanyamapori), alitoa waraka wa maoni ya kisheria uliosema kwamba sheria hiyo inamhusu tu mtu ambaye kitendo chake kimelenga kumuua au kumkamata ndege. Ndege akifa kutokana na shughuli nyingine halali, kama vile kuchimba mafuta, kusambaza umeme au kujenga daraja, hakuna kosa, hata kama mwenye shughuli alijua fika kwamba ndege watakufa na alikwisha kuonywa.

Kwetu tunasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno huu umeachiwa meno ya upande mmoja tu, upande unaomkata kijana mwenye bunduki aliyempiga mwewe, na ule uliokuwa ukiikata kampuni yenye bwawa la mafuta lililoua mamia ya bata umesawazishwa kwa tupa.

Ili kuona uzito wa jambo hili ni lazima kukumbuka sheria ilikotoka. Mwishoni mwa karne ya 19 kofia za wanawake wa Marekani na Ulaya zilipambwa kwa manyoya, na mara nyingine kwa ndege mzima aliyekaushwa. Manyoya yaliyotafutwa kuliko yote yalikuwa yale marefu na laini ambayo yangeyange huyaota wakati wa kuzaliana, kwa hiyo wawindaji wa Florida waliwafuata ndege hao kwenye makoloni yao wakati ambapo viota vina makinda, wakawaua wazazi na kuyaacha makinda yafe kwa njaa na jua. Mwaka 1896 wanawake wawili wa Boston, Harriet Hemenway na Minna Hall, walianza kuwashawishi wenzao waache kuvaa kofia hizo, na kutokana na juhudi zao kikazaliwa chama cha kulinda ndege cha jimbo la Massachusetts. Wakati huohuo njiwa wahamiaji wa Amerika Kaskazini, ambao makundi yao yaliwahi kuhesabiwa kwa mabilioni na kulitia anga giza yanapopita, walikuwa wakimalizwa kwa bunduki na nyavu. Wa mwisho wao, jike aliyeitwa Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914.

Miaka miwili baadaye Marekani na Uingereza, iliyotia saini kwa niaba ya Kanada, zilifunga mkataba wa kuwalinda ndege wanaovuka mpaka wao, na mwaka 1918 Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuutekeleza. Jimbo la Missouri lilikwenda mahakamani likidai kwamba ndege walio katika ardhi yake ni mali yake. Mwaka 1920 Mahakama Kuu ya Juu, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Oliver Wendell Holmes, ililikatalia dai hilo, ikieleza kwamba ndege wa aina hiyo yupo jimboni kwa muda tu na hana makao ya kudumu humo, na kwamba pasipo mkataba na sheria huenda baada ya muda mfupi wasingekuwapo ndege wa kugombaniwa. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ndiyo msingi wa fikra nzima ya kuwalinda ndege wahamiaji popote duniani, kwa maana kwamba anayempokea ndege kwa miezi mitatu hana haki ya kuwanyima wengine miezi tisa iliyobaki. Mikataba mingine ilifuata, na Meksiko mwaka 1936, Japani mwaka 1972, na Umoja wa Kisovieti mwaka 1976.

Kwa miaka hamsini ya mwanzo sheria ilitumika zaidi dhidi ya wawindaji na wafanyabiashara wa manyoya. Kuanzia miaka ya 1970 serikali, za vyama vyote viwili, zilianza kuitumia pia dhidi ya kampuni ambazo mitambo na taka zao ziliua ndege. Mwaka 1978 mahakama ya rufaa iliyoko New York ilithibitisha hatia ya kiwanda cha dawa za kuua wadudu ambacho bwawa lake la maji machafu liliwaua ndege waliotua humo. Mwaka 1999 mahakama ya Colorado ilikataa hoja ya shirika moja la umeme kwamba sheria ni ya wawindaji peke yao, wakati tai na mwewe walikuwa wakiuawa kwa umeme juu ya nguzo ambazo zingeweza kuvikwa vizuizi vya gharama ndogo. Si mahakama zote zilizokubaliana na msimamo huo, kwa kuwa mahakama nyingine za rufaa nchini humo ziliisoma sheria kwa ufinyu zaidi, na ni haki kulisema hilo wazi. Hata hivyo, msimamo wa serikali yenyewe ulibaki uleule kwa takriban nusu karne.

Nitoe mfano mmoja kwa karibu, kwa sababu bila hivyo neno "tafsiri" linabaki la vitabuni. Kisima cha mafuta hakitoi mafuta matupu. Hutoa pia maji ya chumvi yaliyochanganyika na mafuta, na kwa miaka mingi maji hayo yalimwagwa katika mashimo ya wazi ili mafuta yaelee na kukusanywa. Katika nchi kavu kama magharibi mwa Texas au Wyoming, ndege anayesafiri usiku akishuka alfajiri akiwa na kiu huliona shimo hilo likimetameta kama bwawa la kawaida. Anatua. Mafuta yanayagandisha manyoya yake, na manyoya yaliyogandamana hayazuii maji wala hayahifadhi joto la mwili, kwa hiyo ndege huzama, au hufanikiwa kutoka na kuanza kujisafisha kwa mdomo, na kwa kujisafisha huyameza mafuta na kujitia sumu. Shirika la Samaki na Wanyamapori la Marekani liliwahi kukadiria kwamba kati ya ndege 500,000 na 1,000,000 walikuwa wakifa kwa namna hiyo kila mwaka. Dawa yake ni wavu uliotandazwa juu ya shimo, au tangi lililofunikwa badala ya shimo. Hakuna teknolojia ngumu hapo. Kilichokuwa kikiwafanya wenye visima wanunue wavu ni barua ya mkaguzi iliyosema kwamba ndege wamekutwa wamekufa, rekebisha katika muda fulani, la sivyo utashtakiwa kwa sheria ya mwaka 1918. Chini ya tafsiri ya Jorjani, barua hiyo haina nguvu, kwa sababu hakuna anayechimba shimo la maji machafu kwa kusudi la kuua bata.

Mfano mkubwa zaidi unajulikana na wengi. Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko, watu 11 wakafariki, na mafuta yakamwagika baharini kwa karibu miezi mitatu. Kampuni ya BP ilikiri makosa kadhaa ya jinai, likiwamo kosa moja chini ya sheria hii ya ndege, na kwa kosa hilo ililipa dola milioni 100 zilizopelekwa katika mfuko wa kuhifadhi ardhioevu za Amerika Kaskazini, yaani mahali hasa ambapo ndege wa majini wanazaliana na kupumzika. Kwa tafsiri mpya shtaka hilo lisingefunguliwa kabisa, kwa kuwa BP haikukusudia kumwaga mafuta, sembuse kumuua mwari.

Yaliyofuata baada ya waraka wa 2017 yanachosha kuyafuatilia, nami nitayapita haraka. Mnamo Agosti 2020 Jaji Valerie Caproni wa mahakama ya shirikisho jijini New York aliutengua waraka huo, akisema kwamba hauendani na maneno ya sheria inayokataza kuua kwa njia yoyote na kwa namna yoyote. Wizara haikutulia, Januari 2021, siku chache kabla ya serikali ya awamu ya kwanza ya Rais Trump kuondoka, ilichapisha kanuni iliyosema yaleyale yaliyotenguliwa. Serikali ya Rais Biden iliifuta kanuni hiyo, na kufutwa kwake kukaanza kutumika Desemba 2021. Aprili 2025 wizara, ikiwa tena chini ya Trump, iliurejesha waraka wa 2017 kuwa msimamo wake rasmi. Sheria moja, isiyoguswa hata nukta, imekuwa na maana mbili zinazopingana mara nne katika muda usiofika miaka minane, na kila mara kalamu iliyotumika ilikuwa ya mwanasheria au waziri, si ya mbunge aliyechaguliwa.

Watetezi wa tafsiri hiyo wana hoja, na baadhi ya hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema kwamba ikiwa kila kifo cha ndege ni kosa, basi dereva anayemgonga ndege barabarani ni mhalifu, mwenye nyumba ambaye ndege amejigonga kwenye kioo chake ni mhalifu, na mwenye paka ni mhalifu mkubwa kuliko wote. Ni kweli kwamba paka na vioo vinaua ndege wengi zaidi kuliko mafuta. Makadirio ya watafiti kwa Marekani yanawapa paka zaidi ya bilioni 2 kwa mwaka, na vioo vya majengo kati ya milioni mia kadhaa na karibu bilioni moja. Wanasema pia kwamba mfanyabiashara hawezi kupanga mambo yake ikiwa hatia inategemea huruma ya mwendesha mashtaka. Hoja ya kwanza inajibiwa na historia, kwa kuwa katika nusu karne ya kuitumia sheria kwa vifo visivyokusudiwa, hatukusikia madereva wala wenye paka wakipandishwa kizimbani. Walioshtakiwa walikuwa wale ambao tatizo lao lilikuwa linajulikana, suluhisho lake lipo, na onyo wamepewa. Duke Energy, kwa mfano, ilikiri kosa mwaka 2013 na kulipa dola milioni 1 kwa sababu ya tai na ndege wengine waliouawa na mitambo yake ya upepo huko Wyoming, ambayo serikali ilisema ilijengwa bila juhudi za kutosha za kuepusha vifo vilivyotabirika.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami naikubali kwa sehemu. Sheria isiyo na mipaka inayojulikana inamtisha mwaminifu na kumwacha mjanja. Lakini tiba ya ukungu huo ilikuwa mezani: mfumo wa vibali, ambapo kampuni inayofunika mashimo yake, kuvika nguzo zake na kubadili taa za minara yake inapewa kibali na haishtakiwi kwa vifo vitakavyobaki. Serikali ya Biden ilitangaza mwaka 2021 kwamba itaandaa kanuni ya namna hiyo, ikapokea maoni, kisha mwishoni mwa 2023 ikaiweka kando. Sioni sababu ya kuwaficha wao lawama hii. Kama kanuni hiyo ingekamilika, kuiondoa kungehitaji utaratibu mrefu wa wazi, na waraka wa kurasa chache usingetosha.

Kuhusu taa za minara nahitaji kuongeza maneno machache, kwani ndipo unafuu wa kinga unapoonekana zaidi. Usiku wa mawingu ndege wanaohama huvutwa na taa nyekundu zinazowaka mfululizo juu ya minara ya mawasiliano. Wanauzunguka mnara wasiweze kuondoka, hadi wanagonga nyaya zinazoushikilia au wanaanguka kwa uchovu. Watafiti walikadiria kwamba minara ya Marekani na Kanada huua karibu ndege milioni 7 kwa mwaka. Ikagundulika kwamba ukizima taa zinazowaka mfululizo na kubakiza zile zinazowaka na kuzimika, vifo hupungua kwa kiasi kikubwa sana, na mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo ilibadilisha mwongozo wake ili kuruhusu hilo. Mwenye mnara anapunguza hata gharama ya umeme. Pamoja na hayo yote, wapo wasiofanya mpaka waone kwamba kutofanya kunaweza kuwagharimu, na hao ndio waliofunguliwa mlango.

Serikali yenyewe ililijua hilo. Katika tathmini ya athari kwa mazingira iliyochapishwa mwaka 2020 kabla ya kanuni ya Januari 2021, Shirika la Samaki na Wanyamapori lilikiri kwamba kanuni ingesababisha vifo vya ndege kuongezeka, kwa sababu kampuni nyingine zingeacha kuchukua tahadhari zisizolazimishwa. Kanada, ambayo mkataba wa 1916 ni wake pia, ilieleza hadharani wasiwasi wake. Kanuni ikapitishwa vivyo hivyo.

Na hatukuhitaji kungoja makadirio. Katika jimbo la Virginia, kwenye kisiwa cha kutengenezwa ambapo barabara ya Hampton Roads inaingia handakini chini ya bahari, ndege wa baharini wapatao 25,000, shakwe na jamaa zao, walikuwa na makazi ya kuzaliana. Jimbo lilipanga kupanua handaki na kwa hiyo kukifunika kisiwa hicho kwa lami na mitambo ya ujenzi. Lilikuwa pia limeanza kufikiria kuwatengenezea ndege mahali pengine. Baada ya waraka wa 2017 mpango wa makazi mapya ukawekwa pembeni, kwa kuwa sheria ya shirikisho haikuwa ikiudai tena. Wananchi na wanasayansi walipiga kelele, magazeti yakaandika, na mwaka 2020 gavana akabadili uamuzi: ngome ya zamani ya Fort Wool iliyo jirani ikamwagiwa mchanga na kokoto, majahazi bapa yaliyojazwa vitu hivyohivyo yakatiwa nanga kando yake, na mbwa waliofunzwa wakatumika kuwazuia ndege wasitue katika eneo la ujenzi ili wahamie upande wa pili. Wengi wao walihamia. Jambo lilikwenda vizuri kwa sababu Virginia ilikuwa na gavana aliyesikia na magazeti yaliyofuatilia. Shimo la mafuta lililo peke yake katikati ya nyika halina magazeti.

Haya yanatokea wakati idadi ya ndege inashuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science ulionyesha kwamba Marekani na Kanada zimepoteza ndege karibu bilioni 3 tangu mwaka 1970, yaani zaidi ya robo ya waliokuwapo. Katika takwimu hizohizo, bata na mabata bukini waliongezeka kwa asilimia 56, kwa kuwa wawindaji wenyewe wamekuwa wakilipia uhifadhi wa mabwawa kwa stempu maalumu tangu mwaka 1934 na uwindaji wao unapangiwa misimu na idadi. Mahali ambapo sheria na fedha vimewekwa kwa dhati, ndege wamerudi.

Sasa nirudi kwa msomaji wa Nakuru. Yupo ndege mdogo ambaye wataalamu humwita Oenanthe oenanthe. Ana uzito wa gramu 25 hivi, mgongo wa kijivu au kahawia kufuatana na msimu, na kiraka cheupe juu ya mkia kinachoonekana anaporuka. Huku kwetu husimama juu ya jiwe au kichuguu katika nyasi fupi, akitikisa mkia, kisha anashuka mbio kuokota mdudu. Mwaka 2012 watafiti waliowafunga baadhi yao vifaa vidogo vya kurekodi mwanga huko Alaska walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: ndege hao walivuka kwenda Siberia, wakaipita Asia ya Kati na jangwa la Arabuni, wakafikia Sudan, Uganda na Kenya, safari ya wastani wa kilomita 14,500 kwa njia moja, na majira ya kuchipua yalipokaribia wakarudi kwa njia hiyohiyo. Sitadai kwamba ndege huyo ndiye anayekufa katika mashimo ya Texas; njia yake haipiti huko. Lakini yumo katika orodha ya sheria ya mwaka 1918, na akiwa Alaska anakozaliana, sheria hiyo ndiyo kinga yake. Marekani haijajiunga na Mkataba wa Bonn wa mwaka 1979 unaohusu spishi zinazohama, ambao Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama wake, kwa hiyo kwa ndege wa kawaida ambaye hayumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka, hatuna meza nyingine ya kukutana nayo zaidi ya mikataba yake ya nchi mbilimbili na sheria inayoitekeleza.

Kuna kinyume ambacho kimenifikirisha zaidi. Katika Kaunti ya Kajiado, mradi wa umeme wa upepo wa Kipeto, wenye mitambo 60 na uwezo wa megawati 100, ulijengwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa shirika la fedha la serikali ya Marekani. Karibu na hapo wanaruka tumbusi wa aina zilizo katika hatari kubwa ya kutoweka, na kwa masharti ya wakopeshaji mradi umeweka waangalizi wanaoshinda na darubini mchana kutwa. Tumbusi akikaribia, mtambo unasimamishwa hadi apite. Hakuna aliyesema kwamba Kipeto ilikusudia kumuua tumbusi. Ilionekana kwamba kifo kinatabirika na kinaepukika, basi kiepukwe. Kwa hiyo kanuni ambayo fedha ya Marekani iliidai Kajiado ndiyo ambayo wanasheria wa Marekani wanaikana Wyoming.

Na tusijione kwamba sisi tuko salama na hoja hiyo ya kukusudia. Kati ya mwaka 2006 na 2008 ulikuwapo mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha magadi kando ya Ziwa Natron, mahali pekee katika Afrika Mashariki ambapo heroe wadogo, wanaohamahama kati ya maziwa ya Bonde la Ufa, wanazaliana kwa uhakika. Mwekezaji alijitoa mwaka 2008 na macho yakageukia Engaruka. Katika mjadala ule wote hakuna aliyedai kwamba kiwanda kilikuwa na nia mbaya na heroe. Swali lilikuwa maji matamu yatachotwa wapi, mabomba yatapita wapi, na ndege watafanya nini viota vyao vikisumbuliwa. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai maswali ya aina hiyo yajibiwe kabla ya mradi kuanza. Akitokea kesho mwanasheria wa serikali wa kuandika waraka kwamba athari isiyokusudiwa haihesabiki, tutakuwa tumefika walipofika wao, na Bunge letu halitakuwa limepiga kura yoyote.

Ombi langu ni dogo na linatekelezeka. Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama wa mkataba wa ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya na Asia, ulioanza kutumika mwaka 1999, na kila kabla ya mkutano wa wanachama huwasilisha taarifa ya utekelezaji. Taarifa hizo huandikwa kwa Kiingereza na ni wachache wanaozisoma. Naiomba wizara yetu inayohusika na maliasili ichapishe ya Tanzania kwa Kiswahili pia, na iwe na sehemu inayoeleza bila kuficha ni ndege wangapi wamekutwa wamekufa chini ya nyaya za umeme, katika mabwawa ya maji machafu na kwenye mitambo ya upepo, ni mashirika yapi yaliyotakiwa kurekebisha, na ni yapi ambayo hadi siku ya kuandikwa kwa taarifa yalikuwa hayajarekebisha.

Wako,
Msomaji,
Arusha